Anayeota Anapojua Kwamba Anaota

Nilimkuta baba kwenye ufuo wa Dunga, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamweleza kwamba matatu ya kutoka Kondele ilikuwa imepitia ziwani, na makanga alisimamisha gari kila penye gugumaji ili kupakia abiria. Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeijua vizuri barabara hiyo. Tukaongea habari za bei ya samaki aina ya ngege, tukaongea habari za paa la nyumba ya nyanya, na muda wote huo hakuna aliyetaja jambo moja: baba tulikuwa tumemzika miaka minne kabla ya usiku ule, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kumwona marehemu ndotoni si ajabu. Hapa Kisumu utamsikia mtu akisimulia hivyo asubuhi kabla hata hajanywa chai. Kilichonikosesha raha ni utulivu wangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kazi yangu ya kila siku ni kumuuliza mtoto aliyeandika jibu, "Umejuaje?" Ilikuwaje nikapanda gari linalokwenda juu ya maji, nikakaa kuzungumza na mtu niliyemzika, na nisijiulize swali hilo hata mara moja?

Kutokana na swali hilo nilianza kusoma, kisha kufanya mazoezi, kuhusu kitu ambacho kwa Kiswahili nitakiita ndoto ya kujitambua. Wengi wakisikia habari zake hudhani ni ufundi wa kuruka angani na kuiamuru ndoto ikupe unachotaka. Hayo hutokea, lakini ni matawi. Shina ni kujua. Mtu amelala kabisa, mwili umetulia kitandani, naye anaona anachokiona akijua kuwa ni ndoto. Anaweza kukibadilisha au asiweze. Hilo la kubadilisha limepewa sifa kubwa kuliko linavyostahili, nami nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na usiku wenyewe. Usingizi wa mtu mzima huja kwa mizunguko, kama minne au mitano kwa usiku mmoja, kila mzunguko ukichukua takriban dakika 90. Ndani ya kila mzunguko mtu huzama kwenye usingizi mzito, kisha hupanda tena hadi kwenye usingizi wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba katika vipindi hivyo macho ya aliyelala hucheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Nitauita usingizi wa macho mbio. Ndoto hutokea katika usingizi mwingine pia, lakini zile ndefu, zenye watu, njia na visa, nyingi huzaliwa hapo.

Usingizi wa macho mbio huchukua kati ya moja ya tano na robo ya usiku, na haukugawanywa sawa. Mzunguko wa kwanza hupewa dakika chache tu. Wa alfajiri unaweza kupewa nusu saa au zaidi. Shika hilo, kwa maana karibu kila mbinu ya kufikia ndoto ya kujitambua imejengwa juu yake. Nilipolielewa nilimkumbuka mjomba wangu aliyevua omena, wale dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mjomba alirudi ufuoni kunapopambazuka na kulala wakati sisi tunakwenda shule. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa na ndoto nzito kama zake. Tulidhani ni ziwa linamfuata. Sasa najua kwamba saa za asubuhi ndizo ambazo mwili huuvuta zaidi usingizi wa macho mbio, na mjomba alikuwa akiuingia upesi kuliko sisi.

Katika usingizi huo mwili hufungwa. Ubongo huzuia amri zake zisifike kwenye misuli, isipokuwa ile ya macho na kiwambo cha kupumulia. Mfaransa Michel Jouvet alilionyesha jambo hili kwa paka huko Lyon: alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo inayofanya kazi hiyo ya kufunga, paka waliolala walisimama, wakanyatia na kurukia windo ambalo halikuwepo. Walikuwa wakitenda ndoto zao. Sisi tusingefungwa, tungepiga teke ukuta kila tunapoota tunakimbizwa.

Lakini swali langu lilikuwa la akili, nalo lina jibu lake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hushiriki sana katika kupima, kupanga, kulinganisha jambo hili na lile na kusema "hapana, hili haliwezekani". Katika usingizi wa macho mbio sehemu hii hupunguza kazi, ilhali zile za hisia na picha zinawaka. Ni kama boma lenye sherehe kubwa ndani na mlinzi wa langoni amesinzia. Kila anayekuja anaingia: marehemu, matatu ya ziwani, mwalimu wako wa darasa la tatu akiwa na umri uleule. Hakuna anayeulizwa kitambulisho. Watafiti waliopima ubongo wa watu walio ndani ya ndoto ya kujitambua wameona dalili kwamba sehemu hiyo ya mbele huchangamka tena, huku usingizi ukiendelea. Mlinzi anafumbua macho na sherehe haivunjiki. Usawa huo ni mwembamba sana, na ndiyo sababu ndoto hizi huja kwa nadra na huponyoka upesi.

Habari ya kujua ndani ya ndoto ni ya kale. Aristotle aliandika kwamba mara nyingi mtu akiwa amelala, kitu fulani ndani yake humwambia kwamba anachokiona ni ndoto tu. Watawa wa Tibet wamefanya mazoezi ya kukaa macho ndotoni kwa karne nyingi, kama sehemu ya ibada. Daktari wa akili wa Uholanzi, Frederik van Eeden, aliweka kumbukumbu za ndoto zake mwenyewe, na mwaka 1913 akaeleza kwamba kati ya 1898 na 1912 alikuwa ameota ndoto 352 za namna hii. Ndiye aliyezipa jina ambalo wanasayansi wanalitumia mpaka leo, kwa Kiingereza "lucid dream".

Hata hivyo wasomi wengi hawakukubali. Hoja yao haikuwa ya kijinga: aliyelala hajitambui, basi anayejitambua hajalala, labda watu hawa waliamka kwa nukta chache bila kujua. Utamthibitishiaje mtu jambo linalotokea mahali ambapo yeye hawezi kuingia na wewe huwezi kutoka nalo?

Jibu lilitoka kwenye ile misuli ya macho isiyofungwa. Mwezi wa Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alikuwa akimchunguza Alan Worsley, mtu aliyezoea kujitambua ndotoni. Walikubaliana kwamba Worsley akijua anaota, atapeleka macho kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Mashine zikionyesha kwamba amelala usingizi wa macho mbio, misuli imelegea kabisa, ile ishara ikaja, imechorwa kwenye karatasi. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani alifanya jambo hilohilo bila kujua kazi ya Hearne, akachapisha matokeo yake mwaka 1981, na yeye ndiye aliyeufanya ulimwengu usikilize. Baadaye LaBerge aliwaomba waotaji wapige ishara, wahesabu sekunde 10 ndotoni, kisha wapige tena. Muda ulikaribiana na ule wa mtu anayehesabu akiwa macho. Kwa hiyo ile imani kwamba ndoto ndefu hupita kwa nukta moja haisimami.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walikwenda mbele zaidi. Walifanya kazi na watu 36, na badala ya kungoja ishara tu, waliwauliza maswali wakiwa wamelala. Mmoja aliulizwa nane toa sita ni ngapi. Alisikia sauti hiyo ndani ya ndoto yake, akajibu kwa macho: mara mbili. Sehemu kubwa ya maswali hayakupata jibu lolote, na hilo lazima lisemwe. Lakini nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi chini nikanyamaza kwa muda. Miaka yote ninauliza nane toa sita watoto walio macho, na kumbe kuna mtu amelijibu kutoka upande wa pili wa usingizi.

Si jambo la wateule. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 ulikusanya tafiti za miaka 50 ukakadiria kwamba watu 55 kati ya 100 wameota ndoto ya kujitambua angalau mara moja maishani, na 23 kati ya 100 huota mara moja kwa mwezi au zaidi. Labda wewe mwenyewe ulipata moja utotoni, ulipokuwa ukikimbizwa na fahali ukasema moyoni, "hii ni ndoto, niamke," ukaamka. Hiyo ni ndoto ya kujitambua. Uliitumia kama mlango wa kutokea tu.

Sasa mazoezi. La kwanza halina mvuto wowote, na wengi hukwama hapo: daftari. Ndoto usiyoikumbuka ni sawa na ndoto ambayo hukuiota. Hata ukijitambua ndani yake, asubuhi hutajua. Weka daftari na kalamu kando ya mto. Ukiamka, usigeuke, usishike simu, usianze kufikiria ada ya shule. Lala vivyo hivyo ulivyo, ujiulize ulikuwa wapi sasa hivi. Mara nyingi huja mkia wa ndoto tu, rangi ya shati au jina la mtu. Uvute mkia huo taratibu, na mnyama mzima atatoka. Andika hata kama ni mstari mmoja. Wiki ya kwanza nilikuwa na mistari mitano. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naandika kurasa.

Daftari lina kazi nyingine. Baada ya muda utaona kwamba ndoto zako zina mazoea. Zangu zina mazoea matatu: ziwa lililo mahali pasipo pake, mtihani ambao karatasi zake sizioni, na baba. Hizi ni alama zako binafsi, na hakuna mtu awezaye kukupa orodha yake. Mwenye duka Kibuye atakuwa na zake. Mwendesha boda boda wa Mamboleo zake.

Halafu linakuja zoezi linalojulikana zaidi, la kupima kama unaota. Mara kadhaa mchana, unajiuliza kwa dhati: je, sasa hivi naota? Kisha unapima. Bana pua, fumba mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi hupita, kwa sababu vidole vinavyobana ni vya ndotoni na pua inayopumua iko kitandani. Au soma maandishi, tazama pembeni, uyasome tena. Ndotoni herufi na tarakimu hazitulii. Kibao kilichoandikwa hivi kitakuwa vingine ukirudisha macho. Wazo ni kwamba tunayoyazoea mchana hutufuata usiku, na siku moja utajiuliza swali hilohilo ukiwa ndani.

Hapa ndipo nilipopotea kwa miezi mitatu. Nilikuwa nabana pua mara kumi kwa siku: kwenye steji, baada ya kipindi, nikisubiri chai. Usiku mmoja nikafanya vivyo hivyo ndotoni. Nilikuwa barabarani Nyalenda, nikajiuliza kama naota, nikasoma kibao cha kinu cha posho, nikatazama pembeni, nikasoma tena. Maandishi yalikuwa yamebadilika. Nikajiambia kwamba mwenye kinu amebadilisha kibao, nikaendelea na safari.

Nilipoamka niliona aibu, kisha nikaelewa kitu ambacho sikukipata kwenye maelezo yoyote niliyosoma. Mchana sikuwa nikiuliza. Nilikuwa nikitamka swali huku jibu nimeshaliweka mfukoni, kama mwanafunzi anayefanya hesabu baada ya kuchungulia jibu nyuma ya kitabu. Nilikuwa najifunza kusema "la, siko ndotoni," na usiku nikasema hivyo hivyo. Yule mlinzi wa langoni hakuwa amelala usiku peke yake. Alikuwa anasinzia mchana kutwa.

Nadhani hili ndilo fundo lenyewe. Sehemu kubwa ya siku zetu tunaishi bila kuulizana "umejuaje?" na nafsi zetu. Mtu anatoka Milimani mpaka sokoni bila kukumbuka njia. Anamjibu mkewe bila kumsikia. Ukali wa akili hautashuka juu yake ghafla saa kumi alfajiri kama hakuwa nao saa kumi jioni. Kwa hiyo nikaacha kupima mara kumi; nikapima mara tatu au nne, lakini kwa uaminifu. Kila nilipoliona ziwa, na ukikaa Kisumu utaliona tu, nilisimama. Nikajiuliza nimefikaje hapa, nilikuwa wapi nusu saa iliyopita, nani amekuja nami. Nikaruhusu kwa kweli uwezekano kwamba jibu ni ndiyo. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, na kifua hushtuka kidogo ukilifanya vizuri. Mshtuko huo ndio ishara kwamba umeuliza.

Mbinu nyingine, ambayo LaBerge aliipanga alipokuwa akiandika tasnifu yake Stanford, inategemea aina ya kumbukumbu tunayoitumia kila siku. Ukitoka nyumbani ukijiambia "nikipita dukani ninunue chumvi," huirudii chumvi njia nzima. Unaifunga kwenye duka, na duka likitokea, chumvi inakuja. Vivyo hivyo, unapolala unafunga ukumbusho kwenye ndoto: "Nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba ninaota." Unayasema maneno hayo kwa maana, kisha unairudia akilini ndoto uliyotoka kuiota, na pale penye alama yako, ziwa au baba, unajiona ukigutuka na kutambua. Unarudia mpaka usingizi ukuchukue.

Na hapa lile jambo la alfajiri linarudi. Ukifanya hivi saa nne usiku, mbele yako kuna usingizi mzito wa masaa, na nia yako itazama humo. Ulale saa nne, uamke kama saa tisa baada ya masaa matano, ukae macho dakika chache ukisoma daftari lako, kisha ulale tena ukiwa na nia hiyo. Unaingia usingizini ukiwa mlangoni mwa zile ndoto ndefu. Mtafiti wa Australia, Denholm Aspy, aliichunguza mbinu hii pamoja na ile ya kupima, akachapisha mwaka 2017. Kwa walioziunganisha zote, takriban majaribio 17 kwa kila 100 yalizaa ndoto ya kujitambua ndani ya wiki moja. Kwa wale waliopitiwa na usingizi ndani ya dakika 5 baada ya kurudia nia yao, ilifika kama 46 kwa 100. Mimi sitegi kengele. Kwetu jogoo wa jirani na adhana hunitosha, ingawa hunijia baadaye kidogo kuliko saa tisa.

Ukifanikiwa, jambo la kwanza utakalofanya ni kufurahi, na furaha hiyo itakuamsha. Karibu kila mtu hupoteza ndoto zake za mwanzo hivyo. Tulia. Sugua viganja vyako ndotoni, au gusa kilicho karibu, ukuta, mchanga, kitambaa. Akili inayoshughulika na mguso wa ndotoni haipati nafasi ya kurudi kwenye mguso wa shuka. Jihadhari pia na kuamka kwa uongo. Unaamka, unawasha taa, unaandika ndoto yako kwenye daftari, halafu unaamka kweli na ukurasa ni mtupu. Ukijizoeza kupima kila unapoamka, hata uongo huo unakuwa mlango.

Kuna njia ya kuingia moja kwa moja kutoka macho hadi ndotoni, kupitia ule usingizi wa mang'amung'amu ambapo mtu hayuko huku wala kule. Simshauri anayeanza aipitie. Ndiko jinamizi linakokaa. Wengi wetu tumekabwa nalo: unafumbua macho, chumba unakiona, mwili haukusikii, kuna uzito kifuani na pengine kivuli pembeni mwa kitanda. Wazee walisema ni kiumbe kinachokukalia. Kinachotokea ni kwamba akili imeamka kabla ile kufuli ya usingizi wa macho mbio haijafunguliwa, na ndoto inaendelea kumwagika ndani ya chumba halisi. Uzito wa kifua hutokea kwa sababu unajaribu kuvuta pumzi kwa nguvu na misuli ya kifua haitii, ingawa kiwambo chini ya mapafu kinaendelea kupumua vizuri. Usipambane. Pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, na ungoje. Hupita. Huja zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi au anayelala chali.

Dawa nazo huweza kubadilisha ndoto. Mefloquine ya kukinga malaria na efavirenz, iliyotumiwa miaka mingi kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, zinajulikana kuleta ndoto kali na za kutisha. Wako watu huku Nyanza walioteseka usiku wakidhani wamerogwa. Ikiwa ndoto zako zimebadilika baada ya kuanza dawa, usiiache mwenyewe. Mwambie daktari, kwa kuwa mara nyingi kuna nyingine ya kubadilishia. Na kwa mtu ambaye akiwa macho husikia sauti au hushindwa kutenganisha yaliyo kweli na yasiyo kweli, mazoezi haya si yake, mpaka azungumze na daktari wa akili. Kwa wengine hatari kubwa ni ya kawaida zaidi: kukatakata usingizi kila usiku kwa ajili ya ndoto ni kujidhuru. Mimi huamka hivyo usiku mmoja kwa wiki, wa kuamkia Jumamosi.

Kwa wanaosumbuliwa na ndoto za kutisha, hata hivyo, elimu hii inaweza kuwa msaada wa kweli. Jaribio dogo la Uholanzi, mwaka 2006, lilionyesha kwamba watu waliofundishwa kujitambua ndotoni walipungukiwa na ndoto za kutisha, hata baadhi ya wale ambao hawakuwahi kufanikiwa kujitambua. Nadhani najua sababu. Mtu akishaamini kwamba anaweza kugeuka na kumtazama anayemkimbiza, tayari amekwisha punguza mbio.

Nilimweleza shangazi yangu mambo haya yote, nikitarajia atafurahi kwamba nataka kukutana na kaka yake nikiwa na akili timamu. Kwetu Waluo ndoto si kitu cha kuchezea. Mtoto hupewa jina la mhenga aliyemtokea mtu wa familia ndotoni, na yako makanisa ya huku yanayotenga muda wa waumini kusimulia walichooteshwa. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mgeni akija nyumbani kwako, unampangia maneno?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ukishamjua ndugu yangu kwamba ni ndoto yako, halafu ukamwambia fanya hivi, sema vile, utakuwa umeongea na nani?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Mimi naamini kwamba baba ninayemwona usiku anaundwa na kumbukumbu zangu. Shangazi haamini hivyo. Lakini alichosema ni kweli kwa mimi na yeye pia. Mwenye kuamuru kila kitu ndotoni atakutana na matakwa yake tu, na hayo anayajua tayari. Tangu siku ile niliacha mazoezi ya kubadilisha mandhari na kuruka. Nilibakiza kujua.

Ilinichukua karibu mwaka. Nilikuwa nashuka kwenye matatu, na maji ya ziwa yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya gari. Nikaliona ziwa, na kwa mazoea ya mchana nikasimama. Nimefikaje hapa? Sikukumbuka kupanda. Kulikuwa na ubao wa bei za samaki ufuoni. Nikausoma, nikatazama mtumbwi, nikausoma tena, tarakimu zikawa zimegeuka herufi. Kifua kikashtuka. Naota, nikasema, na kila kitu kikawa angavu, hata kamba zilizochakaa kwenye mtumbwi nikaziona uzi kwa uzi.

Baba alikuwa palepale. Nikasugua viganja ili nisiamke. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi, nikayaacha yote.

"Baba," nikamwambia, "najua kwamba naota."

Hakuinua macho kwenye wavu. "Shika upande ule," akasema, "unanivutia vibaya."

Nikashika. Ulikuwa mkavu na mkali kwenye vidole, wenye mafundo madogo madogo, na tukashona kwa muda ambao nilijaribu kuuhesabu, nikafika kumi na saba. Nilipoamka nililala bila kugeuka kama nilivyojizoeza, kisha nikabana pua, nikajaribu kuvuta pumzi, haikupita. Saa ilikuwa kumi na moja kasorobo. Nikawasha taa nikaandika yote, pamoja na ile kumi na saba.